Fleti mpya ndani ya ghorofa la zamani: maswali sita ya wanunuzi

Barua nyingi za toleo hili zinahusu jambo moja: maghorofa ya miaka ya 1970 hadi 1990 ambayo fleti zake zimevuliwa hadi kuta, zikavishwa granaiti na jipsamu, kisha zikatangazwa kuwa za kifahari. Tumechagua sita. Nyingine zimefupishwa.

Nimeonyeshwa fleti ya vyumba vitatu Kilimani, ghorofa ya 9 kati ya 12. Jengo ni la 1986. Ndani kila kitu ni kipya: jikoni ya granaiti, vigae vikubwa, bafu mbili, dari ya jipsamu yenye taa za kufichwa, na jikoni imeunganishwa na sebule. Dalali anataka asilimia 10 wiki hii. Nikague nini kwanza?
— Baba wa watoto wawili, Nairobi

Ndugu, ishike kwanza hiyo asilimia 10. Vyote ulivyovitaja viko ndani ya mlango wa fleti, na hubadilishwa kwa miezi michache. Kinachomaliza pesa za mnunuzi katika jengo la umri huo ni kile ambacho fundi wa vigae hakukigusa: mabomba ya wima, nyaya kuu, slabu (sakafu ya zege), paa na lifti. Hivyo ni vya wakaaji wote, na ukishanunua ni vyako pia, pamoja na deni lake.

Anza na ukuta ambao haupo. Jikoni iliyounganishwa na sebule ni ukuta uliobomolewa. Jengo la ghorofa 12 kwa kawaida husimama juu ya nguzo na mihimili ya zege, na kuta nyingi za mawe ni za kujaza nafasi tu. Lakini kuta za zege zilizo karibu na lifti na ngazi hazikuwekwa kwa ajili ya kugawa vyumba. Ndizo zinazolizuia jengo lisiyumbe. Mwombe muuzaji vitu vitatu: mchoro wa muundo wa jengo, barua ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na kibali cha kaunti cha ukarabati huo. Akikosa vyote, mlipe mhandisi wako aje na kifaa cha kutambua nondo. Nusu siku inamtosha. Hakikisha dari ya jipsamu imefunguliwa hapo ukuta ulipokuwa, maana mara nyingi jipsamu hupigwa ili mtu asione kilichokatwa.

Cha pili ni uzito wa sakafu. Hili watu hawaliulizi kabisa. Slabu ya fleti hupigiwa hesabu ya mzigo wa watu na samani wa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Fundi anayekwepa kubomoa sakafu ya zamani humwaga saruji ya kusawazisha juu yake. Sentimita 5 za saruji hiyo ni kilo 100 hadi 120 kwa mita ya mraba, na vigae na gundi huongeza kama 30. Karibu hesabu yote imeliwa kabla hujaingiza kabati. Sakafu haitaanguka kesho, kwa kuwa wahandisi huacha akiba, ila slabu itazidi kupinda, vigae vitapasuka katikati ya sebule, na kuta za jirani wa chini zitaota nyufa. Kulitambua ni rahisi: simama mlangoni uone kama unapanda kutoka ukumbi wa lifti kuingia ndani, kisha pima kimo cha sakafu hadi slabu ya juu na ukilinganishe na fleti ambayo haijakarabatiwa. Tofauti ya sentimita 5 au zaidi inatosha kumwita mhandisi.

Maji yanahitaji ndoo na saa. Chukua ndoo ya lita 10, fungua bomba la mvua la bafuni ujaze. Likiwa zima, ndoo hujaa kwa dakika moja hivi. Sasa fungua bafu zote mbili na sinki la jikoni kwa pamoja, ujaze tena. Ikichukua zaidi ya dakika mbili, huenda bomba kuu la chuma lililopakwa zinki limeziba kwa kutu. Mabomba hayo yakipita miaka 30 au 40 hupungua kipenyo hadi ukipitisha kidole hakipiti. Kuweka mabomba mapya ya plastiki ndani ya fleti hakusaidii kama yanaunganishwa na bomba la zamani kwenye shimo la mabomba, yaani njia ya wima inayopitisha mabomba ya jengo zima. Fungua mlango wa shimo hilo ujionee. Ukikuta bomba la maji taka la kijivu, gumu kama saruji, lisikatwe wala kutobolewa mpaka lipimwe, kwani huenda lina asbesto. Kumbuka pia kwamba kila mita moja ya kimo chini ya tangi la paani hukupa baa 0.1 tu (baa ni kipimo cha shinikizo la maji). Ghorofa ya 9 itakuwa na kama baa moja. Wa ghorofa ya 12 bila pampu hupata matone.

Kwa bafu, ziba tundu la maji, mwaga maji kimo cha sentimita 2.5, weka alama ya penseli ukutani na uache saa 24. Siku ya pili mwombe jirani wa chini akuruhusu utazame dari yake. Utando wa kuzuia maji ndiyo kazi ambayo mkarabati mwenye haraka huiruka, kwa kuwa ukishafunikwa na vigae hauonekani tena. Muuzaji akikataa kipimo hiki, hesabu kwamba bafu zote mbili zitabomolewa upya, na umpunguzie bei kwa kiasi hicho.

Mwisho ni umeme. Fleti nyingi za umri huo zina laini moja ya ampea 60, yaani kilowati 14.4 kwa volti 240. Hita mbili za papo hapo za kilowati 5.5 ni 11. Ongeza oveni ya 2.5 na birika la 2, umefika 15.5. Jioni moja ya kawaida inazima nyumba. Waulize walinzi kama fyuzi kuu hukatika saa moja usiku. Ndani, waya wa hita uwe wa milimita za mraba 4 hadi 6 na breka yake peke yake, soketi 2.5, taa 1.5. Bonyeza kitufe cha majaribio kwenye breka ya kinga ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja. Isiporuka, au isipokuwepo kabisa, fundi wa umeme aliyekarabati hakuwa na leseni au hakujali.

Assalaam aleikum. Nyumba ninayoitaka iko Kizingo, inaona bahari, jengo la 1978. Roshani zimepigwa rangi mpya nyeupe, lakini chini ya moja nimeona mstari wa rangi ya kahawia. Muuzaji asema ni uchafu wa mvua.
— Mwalimu mstaafu, Mombasa

Waaleikum salaam, mama. Mvua haina rangi ya kahawia. Huo ni karibu hakika kutu ya nondo, na rangi nyeupe ilipakwa juu yake. Chumvi ya bahari hupenya zege polepole mpaka ikafika kwenye nondo na kuvunja kinga yake. Kutu hukaa nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hadi sita, kwa hiyo huisukuma zege kutoka ndani mpaka inapasuka na kumeguka vipande. Roshani ndiyo sehemu ya kuogopa zaidi: imening'inia, na nondo zinazoibeba ziko upande wa juu, chini ya vigae, mahali ambapo jicho halifiki.

Mhandisi aanze kwa nyundo ndogo, akigonga slabu na mihimili hatua kwa hatua. Zege nzima hulia kwa sauti kali. Iliyoachana na nondo hulia kama mtungi mtupu. Kisha atoboe matundu madogo na kunyunyiza kemikali ya fenolftaleini: zege nzima hugeuka waridi, iliyopoteza kinga hubaki na rangi yake. Kipimo cha umeme wa nondo kikisoma chini ya hasi milivolti 350 kwa elektrodi ya shaba na salfeti yake, uwezekano wa kutu kuwa inaendelea ni zaidi ya asilimia 90.

Kipimo tunachokusihi usikiache ni cha unga wa zege. Toboa na uchukue unga kwa tabaka: milimita 0 hadi 25, 25 hadi 50, 50 hadi 75, kisha maabara ipime chumvi ya kila tabaka. Chumvi ikiwa nyingi nje na ikapungua kuelekea ndani, imeletwa na upepo wa bahari, na kazi ya kutengeneza inawezekana. Ikiwa sawa kote, maana yake zege ilichanganywa tangu mwanzo kwa mchanga wa ufuoni au maji ya kisima cha chumvi. Hapo viraka havitaisha maisha yote ya jengo, na ushauri wetu ni kuondoka.

Kama kulikuwa na matengenezo, uliza yalifanywaje. Kiraka cha kweli huchimbwa mpaka nyuma ya nondo, nafasi ya milimita 20 hivi, chuma kikasuguliwa mpaka kikang'aa, na nondo iliyokonda sana ikaongezewa nyingine kando yake. Kiraka cha plasta juu ya kutu hudondoka baada ya misimu michache ya mvua, na mara nyingi kutu huibuka upya pembeni mwa kiraka, kwa sababu chumvi iliyobaki huko inaendelea kula chuma.

Hili si la Pwani yetu peke yake. Usiku wa Juni 24, 2021, sehemu kubwa ya jengo la Champlain Towers South, ghorofa 12, iliporomoka huko Surfside, Florida, na watu 98 wakafa. Lilijengwa 1981, karibu na bahari. Mwaka 2018 mhandisi alikuwa ameandika kwamba kizuia maji cha sakafu ya eneo la bwawa kimeshindwa na kinaharibu slabu. Wamiliki walivutana kuhusu gharama, na mchango wa takriban dola milioni 15 ulikuwa ndiyo kwanza uanze kukusanywa. Mwaka 2022 Florida ilipitisha sheria inayolazimisha majengo ya fleti ya ghorofa 3 na zaidi kukaguliwa yakifika miaka 30, na wamiliki kuweka akiba ya matengenezo makubwa. Kwa hiyo mwombe muuzaji ripoti ya mhandisi ya jengo zima, na kama haipo, waulize wamiliki wenzako watarajiwa kama wako tayari kuilipia pamoja kabla hujanunua.

Muuzaji wa fleti Westlands ana mkataba mdogo wa upangaji wa miaka 99 kuanzia 1979 na cheti cha hisa moja katika kampuni ya usimamizi. Wakili wake anasema hiyo ndiyo hati. Kweli?
— Muuguzi, Nairobi

Ilikuwa kweli. Kwa miongo mingi fleti za Kenya ziliuzwa hivyo: mjenzi anabaki na hati mama, yaani ya kiwanja chote, wewe unapata mkataba mdogo wa muda mrefu, na hisa yako katika kampuni ndiyo inayokuunganisha na ardhi. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, Na. 21, ambayo ilianza kutumika Desemba 28, 2020, ilibadilisha hilo. Kila fleti iwe na hati yake, na wamiliki wote wawe shirika moja linalomiliki sehemu za pamoja. Mikataba midogo ya zamani ilipewa miaka miwili kugeuzwa. Majengo mengi hayakufanya hivyo, na ndiyo maana bado unaonyeshwa karatasi za 1979.

Usikimbie kwa sababu hiyo, lakini usilipe bila majibu. Hati mama iko wapi, na je, ina rehani ya benki? Fanya upekuzi wa hati mama na wa fleti, vyote viwili. Nairobi hufanywa kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni. Je, ramani ya sehemu imechorwa na mpimaji mwenye leseni? Ramani hiyo ndiyo inayoonyesha mipaka ya kila fleti na fungu lake katika sehemu za pamoja. Je, kodi ya ardhi na ya kaunti imelipwa kwa jengo zima? Deni la jirani mmoja linaweza kuchelewesha hati zote. Na je, kampuni ya usimamizi bado ipo katika sajili, au ilifutwa kwa kutowasilisha ripoti za kila mwaka?

Mkataba wako unaisha 2078, kwa hiyo uko salama kwa kigezo kimoja: sheria hiyo inataka muda wa ardhi uliobaki usipungue miaka 21. Muuzaji akiwa na mke au mume, ridhaa yake iandikwe na isainiwe, hata kama jina lake halipo popote. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani itakayokadiriwa na mthamini wa serikali, na unaulipa wewe. Kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15, ni ya muuzaji. Akikuomba mgawane, mkatalie.

Nanunua Upanga, Dar es Salaam. Naambiwa hati ya fleti "itafuata".
— Mfanyabiashara

Tanzania ina sheria yake: Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo Na. 16 ya 2008. Chini yake kila sehemu ya jengo husajiliwa na kupewa hati yake, na wamiliki huunda umoja wao. "Itafuata" mara nyingi maana yake jengo halijasajiliwa kwa utaratibu huo, na unachonunua ni ahadi ya mwenye kiwanja. Nenda kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi wa kiwanja, uone jina na mzigo wowote ulioandikwa. Kama jengo halijagawanywa, mkataba useme kwamba sehemu kubwa ya bei italipwa siku hati ya fleti itakapotoka kwa jina lako. Uhamisho hautapita bila cheti cha kodi kutoka TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), kwa hiyo muulize muuzaji mapema kama makaratasi yake ya kodi yako sawa.

Niko Doha, sitaweza kuja kabla ya mwaka kuisha. Dalali ananitumia video nzuri kila siku.
— Mhandisi wa mitambo

Kaka, mwambie apige video ya mambo manne, bila kukatiza: mlango wa shimo la mabomba ukifunguliwa, ndani ya kisanduku cha breka, paa na matangi, na chumba cha mashine za lifti. Asiyeweza kuvionyesha hana funguo, na asiye na funguo si mtu wa jengo hilo. Mkaguzi umtafute wewe, umlipe wewe, na ripoti ije kwako moja kwa moja. Pesa zisipite kwa dalali. Amana, kwa kawaida asilimia 10, ikae kwa wakili kama mtunzaji wa pande zote mbili, na salio litoke kwa ahadi ya maandishi kati ya mawakili. Ukimpa ndugu mamlaka ya kusaini, yaandikwe kwa fleti hiyo tu, yashuhudiwe ubalozini au kwa mwanasheria mthibitishaji wa hati, kisha yasajiliwe. Mamlaka ya jumla yanaweza kuuza hata shamba la baba.

Ada ya huduma ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na majengo mapya ya jirani hutoza 15,000. Je, si faida hiyo?
— Msomaji, Hurlingham

Inategemea kama lifti yenu ni ya zamani kama jengo. Ada ndogo katika jengo la zamani huwa na sababu mbili: jengo halina huduma, au huduma zimeahirishwa. Chukulia fleti 40 zinazolipa 5,000 kila moja. Kwa mwezi ni 200,000. Toa walinzi, usafi, umeme wa ngazi, dizeli ya jenereta na takataka, uone kinachobaki. Sasa chukulia lifti mpya pamoja na kazi ya kuiweka ni milioni 8. Kila fleti inadaiwa 200,000 kwa mkupuo mmoja, na nusu ya wakaaji watasema hawana. Lifti itasimama, na fleti ya kifahari ya ghorofa ya 10 haitauzwa.

Omba hesabu za miaka mitatu, orodha ya wanaodaiwa ada, na muhtasari wa mikutano miwili ya mwisho. Muhtasari husema ukweli kuliko hesabu: ndimo utakapokuta paa linalovuja, kesi na mjenzi, au mzozo wa pampu. Deni likizidi robo ya makusanyo ya mwaka, tungeacha. Uliza kama kuna mfuko wa akiba katika akaunti yake, na nani hutia saini. Pata pia barua kwamba muuzaji hadaiwi ada yoyote hadi siku ya kukabidhi.

Maji yana hesabu yake. Fleti 40 za watu 4, kila mtu lita 100 kwa siku, ni lita 16,000. Mgao wa siku tatu unataka hifadhi ya lita 48,000. Hesabu matangi, chini na juu. Kama kuna kisima, yaonje maji yake, na uangalie utando mweupe kwenye bomba za mvua.

Kuhusu lifti, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa angalau kila miezi sita. Omba vyeti viwili vya mwisho. Kisha ipande mara tano ukiwa na watu wanne, usimame kila ghorofa, utazame kimo cha sakafu ya lifti na cha ukumbi: tofauti ikizidi sentimita moja, breki au kidhibiti kimechoka. Mwombe msimamizi azime umeme ukiwa ndani na mwenzako akiwa nje na simu. Lifti yenye kifaa cha uokoaji itasogea taratibu hadi ghorofa ya karibu na kufungua mlango yenyewe. Ikisimama katikati, hesabu dakika mpaka mlinzi aje na ufunguo.